Gari Lile Lile: Namba za Bodi na Chesisi, Kutoka Abingdon hadi Mandewa

Mnunuzi wa Austin-Healey 3000 kule Uingereza, kabla hajawasha injini, hufungua boneti na kutafuta kibati chenye namba ya chesisi. Akishaiona hutafuta kibati kingine kidogo chenye namba ya bodi, kisha hupapasa upande wa ndani wa boneti na bawaba za buti, akitafuta tarakimu zilizoachwa humo na mafundi wa kiwandani. Mnunuzi wa Toyota iliyokwishatumika hapa Mandewa, kata ya Manispaa ya Singida, naye hukagua akiwa na kadi ya gari mkononi. Hufuta vumbi kwenye bati na kulinganisha namba ya chesisi, herufi kwa herufi, na ile iliyoandikwa kwenye kadi. Tendo ni moja, maswali ni mawili. Yule anauliza: gari hili lilitoka kiwandani likiwa hivi? Huyu anauliza: anayeniuzia ndiye mwenye nalo? Juu ya maswali hayo zimejengwa desturi mbili kamili za kuliamini gari, na kila moja ina historia yake na mantiki yake.

Tuanze na Waingereza, kwa kuwa kwao namba zimekuwa elimu. Austin-Healey haikujengwa mahali pamoja. Donald Healey alilionyesha gari lake katika maonyesho ya Earls Court, London, mwaka 1952, na Leonard Lord wa kampuni ya Austin akakubali kulitengeneza kwa wingi. Kazi ikagawanywa. Kampuni ya Jensen, huko West Bromwich, ilishughulikia bodi: kuziunda, kuzipaka rangi na kuzitia mapambo ya ndani. Kisha zilisafirishwa hadi kiwanda cha Austin cha Longbridge kufungwa injini, giaboksi na ekseli. Mwaka 1957 hatua hiyo ya mwisho ilianza kuhamia Abingdon, kwenye kiwanda cha MG. Gari moja likawa na namba mbili kwa sababu lilipita mikononi mwa viwanda viwili, na kila kiwanda kilihesabu kazi yake. Namba ya bodi haifanani na namba ya chesisi, wala haikukusudiwa kufanana. Huoana katika leja tu, kwenye ukurasa unaosema kwamba chesisi hii ilipewa bodi hii na injini hii, ikapakwa rangi hii, ikapelekwa nchi hii.

Tarakimu za kwenye boneti na buti nazo zilikuwa na kazi yake. Bati lilisawazishwa kwa mkono hadi mianya ikae sawa, hivyo boneti iliyokaa vyema kwenye gari moja ingeweza kugoma kwenye gari lililolifuata. Vipande viliwekewa alama ili kila kimoja kirudi kwa wenzake. Miongo sita baadaye alama hiyo ya kazi imekuwa ushahidi. Tarakimu za boneti, za buti na za kibati zikikubaliana, mwenye gari ana sababu nzuri ya kuamini kwamba bati hilo limekuwa pamoja tangu mwanzo. Nyaraka za uzalishaji zimehifadhiwa katika makumbusho ya magari ya Uingereza huko Gaydon, na mwenye gari anaweza kuomba cheti kinachonakili habari za gari lake. Cheti hicho hakisemi gari liko katika hali gani leo. Kinasema lilivyokuwa siku lilipokamilika, na kwa mkusanyaji wa Kiingereza siku hiyo ndiyo kipimo.

Hapa Singida siku inayotawala ni nyingine. Mji huu uko njia panda ya barabara za Dodoma, za Nzega na Mwanza, na za Babati na Arusha, na gereji zake hupokea malori, mabasi, Noah, bodaboda na Land Rover za zamani ambazo bado zinabeba magunia ya alizeti. Fundi anaposhusha injini iliyochoka hatafuti ile iliyoandikwa na karani wa kiwanda. Hutafuta injini ya mtumba ya aina hiyohiyo, iliyo nzima, yenye mgandamizo mzuri, na gari likirudi barabarani hakuna anayesema ni gari jingine. Mlango unaweza kutoka kwenye gari lililoanguka, bodi ikanyooshwa na kupakwa rangi mpya, na jina la gari likabaki lilelile. Lakini namba ya chesisi ikionyesha dalili ya kukwanguliwa, mnunuzi makini huacha mazungumzo hapohapo, hata kama injini inaunguruma kwa upole. Kwake chesisi ndiyo gari. Vilivyobaki ni vitu ambavyo gari linavyo.

Kadi nayo huandika namba mbili, ya chesisi na ya injini. Injini ikibadilishwa, mwenye gari anapaswa kumtaarifu msajili, ambaye ni Mamlaka ya Mapato Tanzania, ili kadi iandikwe upya. Hapo ndipo desturi hizi mbili zinapotengana waziwazi. Kwetu kadi ndiyo husogea kulifuata gari. Kwa Mwingereza mpenda magari ya kale, gari ndilo hurudishwa kuifuata leja: hutafutwa injini ya mwaka uleule, giaboksi ya aina ileile, rangi iliyotajwa kwenye cheti, hata kama gari lilikwisha kupakwa rangi nyingine mara tatu na wenye nalo waliolipenda. Sisi tunatunza haki ya aliye nalo sasa. Wao wanatunza kumbukumbu ya waliolijenga. Ni wajibu wa aina mbili, na sioni sababu ya kuuita mmoja wa juu na mwingine wa chini.

Sehemu ya tofauti hiyo imeletwa na hewa. Uingereza ni nchi ya mvua, na wakati wa baridi barabara zake humwagiwa chumvi kuyeyusha barafu. Chumvi na unyevu hula chuma. MGB, iliyotengenezwa Abingdon kuanzia 1962 hadi 1980 kwa idadi iliyozidi laki tano, haina chesisi iliyo peke yake. Bodi yenyewe ndiyo uti wa mgongo wake. Bodi ikioza, gari limekwisha. Ndiyo maana mwaka 1988 kampuni ya British Motor Heritage ilianza tena kutengeneza bodi mpya za MGB kwa kutumia mashine na kalibu za asili. Tangu hapo ikawezekana gari la miaka ya 1960, lenye injini yake na ekseli zake, kuvikwa bodi iliyozaliwa robo karne baadaye. Swali la namba likawa gumu zaidi, kwa kuwa kipande kilichobadilishwa ndicho kilichokuwa kikibeba utambulisho wote.

Singida ni kavu. Mvua hunyesha kwa msimu mmoja, na miezi mingine bati hukaa bila kuguswa na unyevu. Bodi ya Land Rover imeundwa kwa aluminiamu, kwa sababu chuma kilikuwa adimu Uingereza ilipozinduliwa mwaka 1948, na katika hewa ya huku hudumu vizazi. Kinachokufa kwetu ni injini, inayomeza vumbi, na springi na bushi zinazopigwa na mawe na makorongo. Kila nchi huitilia shaka sehemu inayokufa kwanza. Uingereza bodi ya asili ni adimu, kwa hiyo namba ya bodi ina thamani kubwa na hukaguliwa kwa tochi. Singida injini ya asili ndiyo adimu, kwa hiyo namba ya injini ndiyo inayoleta maswali siku ya kubadili umiliki.

Wanaozungumza lugha moja nao hawakubaliani. Nchini Marekani, katika magari kama Chevrolet Corvette, kiwanda kilianza tangu miaka ya 1960 kugonga kwenye injini sehemu ya namba ya gari lenyewe. Mmarekani anaposema namba zinaoana, ana maana kwamba injini inalitaja gari lake kwa namba, na jicho linatosha kuhakikisha bila kufungua kitabu. Mwingereza hana njia hiyo fupi. Namba zake hazifanani na lazima apitie kumbukumbu za kiwanda. Kila nguvu huja na udhaifu wake. Namba inayosomeka kwenye chuma inaweza kukwanguliwa na kugongwa nyingine na mtu mwenye nyundo na seti ya herufi, na Wamarekani wamelazimika kujifunza kutambua mikwaruzo ya mashine ya kiwandani na kuitofautisha na ile ya mdanganyifu. Uingereza mdanganyifu hawezi kuibadilisha leja iliyo makumbusho. Lakini kibati kilichoshikwa na ribiti chache kinaweza kung'olewa kwenye gari lililokufa na kupachikwa kwenye jingine, na leja ikawa inathibitisha uongo bila kujua.

Japani, ambako magari mengi ya Mandewa yanatoka, ina mtazamo mwingine. Hati ya ukaguzi ya Japani huandika namba ya chesisi, lakini kwa upande wa injini huandika aina yake, mathalani 1NZ ya Toyota, bila namba ya injini yenyewe. Kwa Mjapani injini ni kipuri kikubwa. Ikiondolewa na kuwekwa nyingine ya aina ileile, hati haina la kurekebisha. Gari hilohilo likishuka bandarini Dar es Salaam na kusajiliwa, kadi yetu inadai namba ya injini, na hapo gari linapata shahidi wa pili ambaye halikuwa naye kwao. Injini iliyokuwa kipuri huko Japani imekuwa sehemu ya utambulisho Tanzania, na bati halikubadilika hata kidogo. Hakuna ushahidi mzuri kuliko huu kwamba utambulisho wa gari huamuliwa na jamii inayolisajili.

Kenya inatupa mfano unaokaribiana zaidi na ule wa Jensen na Austin. Chesisi za Isuzu huunganishwa Nairobi na kuuzwa zikiwa na kichwa na injini tu, kisha mwenye mali huzipeleka kwa waunda bodi ili ziwe mabasi na matatu. Viwanda viwili, gari moja, kama ilivyokuwa West Bromwich na Abingdon. Ila uhusiano wenyewe ni mwingine. Austin-Healey ilifungamanishwa na bodi yake kwa maandishi, na kuitenganisha nayo ni kuipunguzia thamani. Matatu ikichakaa huvuliwa bodi na kuvikwa nyingine, na thamani yake hupanda siku hiyo. Bodi ya Jensen ilikusudiwa kudumu na gari. Bodi ya matatu inakusudiwa kufanya kazi, kuvutia abiria na kumpisha mrithi. Ustadi umo kwa wote wawili. Mwunda bodi wa Nairobi anayekata na kuchomelea mabomba ya chuma kwa vipimo vinavyodaiwa na viwango vya taifa anafanya kazi ambayo fundi wa Jensen angeitambua mara moja.

Kenya ina fumbo jingine. Kiwanda cha Leyland huko Thika, kilichoanza kazi miaka ya 1970, kilipokea Land Rover zikiwa vipande ndani ya makasha na kuziunganisha hapo. Chesisi na bodi zilikutana Thika, kwa mikono ya mafundi wa Kenya. Mkusanyaji wa Uingereza atatafuta asili ya gari hilo Solihull, ambako Land Rover zilibuniwa na ambako vipande vilitoka. Mkenya atasema gari lilizaliwa Thika, kwa kuwa halikuwa gari hadi lilipofungwa bolti za mwisho. Wote wawili wana hoja, na ukiwasikiliza vizuri utagundua kwamba hata siku ya kuzaliwa kwa gari, ambayo leja huionyesha kama jambo lisilo na ubishi, huhitaji kwanza mtu aamue kuzaliwa ni nini.

Waingereza wenyewe walilazimika kuamua hilo mahakamani. Bentley iitwayo Old Number One ilishinda mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 1929 na tena 1930. Baadaye ilibadilishwa mara nyingi, ikapewa sehemu nyingine za msingi na bodi nyingine, hata vilivyosalia vya gari la 1929 vikawa vichache mno. Ilipokubaliwa kuuzwa kwa pauni milioni 10, mnunuzi akakataa kulipa akidai kwamba gari alilopewa silo lililoshinda. Mwaka 1990 Jaji Otton wa Mahakama Kuu ya Uingereza aliamua kwamba ndilo. Hakusema vipande vyake ni vya mwanzo. Alisema gari hilo limeishi bila kukatika: kila badiliko lilifanywa kwa gari lililokuwapo, halikuvunjwa na kujengwa upya kutoka pengine, na hakuna gari jingine popote lenye haki ya kulidai jina hilo. Ukiuchukua uamuzi huo na kuuleta kwenye gereji ya Mandewa, fundi hataushangaa. Ndivyo anavyofikiri juu ya Land Rover aliyoitengeneza maisha yake yote.

Ajabu ni kwamba serikali ya Uingereza nayo, kwa miaka mingi, ilipima magari yaliyobadilishwa kwa kiasi kikubwa kwa namna inayokaribia ya kwetu kuliko ya wakusanyaji wake. Ili gari libaki na namba yake ya usajili, lilihitaji alama 8. Chesisi au bodi isiyobadilishwa umbo, iwe ya awali au mpya, ilipewa alama 5. Springi, ekseli, giaboksi na usukani zikapata 2 kila moja. Injini ikapata 1. Injini, ambayo soko la wakusanyaji huilipia fedha nyingi ikiwa na namba sahihi, kwa msajili ilikuwa na uzito mdogo kuliko vyote. Chesisi mpya iliyofuata umbo la zamani ilihesabiwa sawa na ya zamani. Ndani ya nchi moja, basi, kuna desturi mbili: ya msajili anayetaka kujua kama gari ni lile lililosajiliwa, na ya mpenzi anayetaka kujua kama chuma ni kile kilichoguswa na mafundi wa awali.

Afrika Mashariki pia tuna wapenzi wa magari ya kale, na wao wamechagua kuenzi kitu kingine. Katika mashindano ya Concours d'Elegance ya Nairobi, yaliyoanzishwa 1970 na wenye magari ya Alfa Romeo, majaji huinama chini ya gari na kupapasa kila pembe kutafuta vumbi na mafuta, kwa kuwa kinachotuzwa hasa ni matunzo. Safari Classic, iliyoanza 2003 katika mwaka wa hamsini tangu mbio za Safari zianzishwe 1953, huyapitisha magari ya zamani kwenye mavumbi na mito baada ya kuyaimarisha kila mahali. Na Oktoba 2024 Arusha ilipokusanya Land Rover kwa wingi katika tamasha lao, fahari ilikuwa kwamba magari hayo yalifika kwa magurudumu yake yenyewe na bado yana kazi ya kurudi kufanya. Uingereza humheshimu mzee kwa kumhifadhi kama alivyokuwa kijana. Sisi tumemheshimu kwa kumwona bado ana nguvu.

Desturi hizi zote zimekubali kwamba gari hubadilika. Zimetofautiana juu ya kipi kisibadilike: Mmarekani ameshika injini, Mwingereza mkusanyaji ameshika ukurasa wa leja, msajili wake ameshika umbo la chesisi, Mjapani ameshika chesisi na aina ya injini, mwunda matatu ameshika chesisi peke yake, sisi tumeshika chesisi na kadi, na Jaji Otton ameshika maisha yasiyokatika. Pia zote humchukia mtu mmoja. Anayebadilisha injini hana kosa popote. Anayebadilisha injini kisha akagonga namba ya zamani ili isionekane kwamba alibadilisha, huyo ni mwizi Detroit, ni mwizi London, ni mwizi Singida. Namba zinazooana ni jambo jema pale tu zinaposema kweli, na namba zisizooana si aibu ikiwa zimeandikwa wazi.

Kwa hiyo naamini tunaweza kupeana. Waingereza wanaweza kukumbuka kutoka kwetu kwamba injini ya pili si doa. Ni sura ya pili ya maisha ya gari, na gari lililofungiwa kwenye siku yake ya kwanza limenyimwa historia yake yote iliyofuata. Nasi tuna la kuchukua kwao, nalo ni zito: tabia ya kuandika. Mwenye Austin-Healey huweka jalada la risiti, picha na tarehe, na gari linapouzwa jalada huenda nalo. Kwetu maarifa hayo yamo kichwani mwa fundi, ni mengi na ni sahihi, lakini fundi akihama au akifariki gari hubaki bila msemaji, na kadi yenye namba mbili haiwezi kusimulia yaliyotokea katikati. Daftari moja katika kila gereji lingetosha. Fundi wa Mandewa anayefunga injini nyingine na kuandika namba yake, tarehe na ilikotoka, anafanya kazi ileile aliyoifanya karani wa Abingdon: anampa mtu asiyemjua, atakayelinunua gari hilo miaka mingi ijayo, haki ya kuujua ukweli wake.